Ardhi Kabla ya Lami: Hifadhi za Barabara na Mipango ya Muda Mrefu ya Usafiri katika Manispaa ya Ilemela, Mwanza

1.0 Utangulizi

Mjadala wa usafiri mijini nchini Tanzania kwa kawaida huanzia kwenye vyombo: idadi ya daladala, ujio wa bajaji na bodaboda, foleni za asubuhi, na siku hizi mabasi yaendayo haraka. Makala hii inaanzia mahali pengine. Inafafanua namna mipango ya usafiri ya muda mrefu inavyofanya kazi, na namna inavyokwama, katika Manispaa ya Ilemela. Hoja yake ni kwamba katika mji unaokua kwa kasi, uamuzi mkubwa wa usafiri hufanyika pale shamba linapokatwa viwanja, miaka mingi kabla ya gari la kwanza kupita. Ardhi inayoachwa wazi siku hiyo ndiyo itakayoamua iwapo mwaka 2040 kutakuwa na mahali pa kupitisha basi. Isipoachwa, itatafutwa baadaye kwa fidia, kwa mashauri mahakamani na kwa kubomoa nyumba za watu, au haitapatikana kabisa.

Istilahi mbili zinahitaji kuelezwa mapema. Mpango Kabambe ni waraka wa kisheria unaoonesha, kwa kipindi cha takribani miaka 20, matumizi ya ardhi ya mji mzima: makazi yatakuwa wapi, viwanda vitakuwa wapi, na barabara zitapita wapi. Hifadhi ya barabara ni ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, ukijumuisha sehemu ya lami, mifereji, njia za waenda kwa miguu, nguzo za umeme na mabomba ya maji, pamoja na nafasi ya upanuzi wa baadaye. Mpango hukaa ofisini, hifadhi hukaa ardhini, na tatizo linalojadiliwa hapa limo katika umbali uliopo kati yake.

Jambo jingine ni la jina. Katika mazungumzo ya kila siku, Ilemela ni Mwanza. Kiutawala, tangu mwaka 2012 mji huo una mamlaka mbili: Halmashauri ya Jiji la Mwanza, inayosimamia Wilaya ya Nyamagana, na Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, yenye makao yake Buswelu. Abiria anayepanda daladala Kirumba na kushuka Mkuyuni anavuka mpaka huo bila kuuona. Bajeti haivuki.

2.0 Umbo la mji na safari zake

Mwanza ilianza mwaka 1892 kama kituo cha utawala wa Kijerumani kando ya ghuba. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika hapo na kukutana na meli za ziwani. Tangu hapo mji ulikua kuelekea nje kwa kufuata nafasi chache zilizoachwa na vilima vya mawe, na matokeo yake ni umbo ambalo mkazi hulifahamu hata bila ramani: barabara tatu zinazotoka katikati kama vidole vya mkono. Barabara ya Kenyatta inaelekea kusini kupitia Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara na Shinyanga. Barabara ya Nyerere inaelekea mashariki kupitia Mabatini, Buzuruga, Nyakato na Igoma hadi Kisesa na Musoma. Barabara ya Makongoro inaelekea kaskazini kupitia Kirumba, Pasiansi na Sabasaba hadi Uwanja wa Ndege, na mbele yake Igombe.

Kati ya vidole hivyo kuna vilima, na juu ya vilima kuna watu. Kirumba, Kitangiri, Ibungilo na Isamilo ni maeneo ambayo nyumba zimeshikamana na miamba, na njia ya kuzifikia ni ngazi au kijia kisichopitika kwa gari. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya safari nyingi za Mwanza hufanywa kwa miguu, kwenye mteremko, mara nyingi na mzigo kichwani. Uchambuzi unaoanza kuhesabu safari kituoni unaiacha sehemu hiyo nje, na kwa maoni ya mwandishi hilo ni kosa la kimbinu linalojirudia katika tafiti za miji yetu: hupimwa mwendo wa gari, na mwendo wa mtu husahaulika.

Umbo la vidole lina tokeo moja ambalo ndilo kiini cha suala hili. Vidole hukutana kwenye kiganja. Safari ya kutoka kidole kimoja kwenda kingine hulazimika kupita katikati ya mji hata kama msafiri hana shughuli yoyote huko, isipokuwa pawepo na barabara ya kuvuka kati ya kidole na kidole. Kupanua kidole kimoja kwa njia mbili zaidi huharakisha magari kufika kwenye kiganja kilekile chembamba. Barabara ya kuvuka, hata ikiwa nyembamba, huondoa safari hizo katikati. Katika mji wa namna hii, basi, kilomita moja ya barabara ya kuvuka ina thamani kubwa kuliko kilomita moja ya upanuzi, ingawa upanuzi ndio unaoonekana zaidi na unaozinduliwa kwa shangwe zaidi.

3.0 Hesabu ya watu

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 343,001 Ilemela na 363,452 Nyamagana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 509,687 Ilemela na 594,834 Nyamagana. Jumla ya wilaya hizo mbili ilipanda kutoka 706,453 hadi 1,104,521, yaani ongezeko la asilimia 56 katika miaka kumi, au takribani asilimia 4.6 kwa mwaka. Kasi hiyo ikiendelea vilevile, jumla itakaribia watu milioni 2 ifikapo mwaka 2035, ambao ndio mwaka wa mwisho wa Mpango Kabambe wa sasa.

Hesabu hiyo ni ya makadirio tu, na kasi inaweza kupungua. Hata hivyo, ina funzo la kivitendo. Mji unaoongezeka maradufu ndani ya takribani miaka 15 na nusu hujenga, ndani ya kipindi kifupi kuliko uhai wa mpango mmoja, makazi mengi kama yale yote uliyokuwa nayo mwanzo. Makazi hayo mapya hayawezi kubanwa kwenye vilima vya Kirumba. Yanakwenda kwenye ardhi iliyo wazi, na kwa upande wa Ilemela hiyo ni ardhi ya Buswelu, Kiseke, Nyamhongolo, Kahama, Shibula na Bugogwa, kisha Sangabuye na Kayenze.

4.0 Namna barabara inavyopotea kabla ya kujengwa

Tuchukue mfano wa kufikirika wa barabara ya kuvuka yenye urefu wa kilomita 10 na hifadhi ya upana wa mita 30. Inahitaji hekta 30. Ikiwa ardhi hiyo bado ni mashamba ya mihogo na mahindi, kuitenga kunahitaji mpimaji, mawe ya mipaka, mazungumzo na familia chache na fidia ya mazao na ardhi. Ikiwa imekatwa viwanja vya mita za mraba 600, hekta hizohizo ni viwanja 500, vyenye wamiliki 500, ambao wengi wao wamekwisha kujenga msingi, choo au chumba cha kwanza. Urefu na upana wa barabara haujabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu wa kuketi nao mezani na thamani ya kila kipande.

Mabadiliko hayo hutokea haraka kwa sababu soko la ardhi haliusubiri mpango. Mwenye shamba huuza kipande ili kusomesha mtoto au kugharimia matibabu, mnunuzi hukata kipande hicho mara mbili, na mauziano yote huandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyevunja desturi katika mnyororo huo. Kila muuzaji huacha njia ya kuingilia kwenye kiwanja chake, inayotosha gari moja, na hakuna mwenye sababu ya kuacha zaidi, kwa kuwa kila mita anayoiacha ni mita asiyoiuza. Njia mia moja za namna hiyo haziungani kuwa barabara moja. Urasimishaji wa makazi, unaofanywa baadaye ili kuwapa wakazi hati, huweza kunyoosha baadhi ya njia hizo kwa makubaliano ya majirani, na kwa jambo hilo unastahili sifa. Lakini mazungumzo ya majirani hutoa njia ya mtaa. Hayawezi kutoa ukanda wa mita 30 unaopita katika kata tatu.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi za barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ongezeko hilo la mita 7.5 lilizaa makundi mawili ya majengo kandokando ya barabara nchini kote, na rangi mbili za alama ya X: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya awali, anayetakiwa kubomoa bila fidia, na kijani kwa aliyekutwa na sheria mpya, anayestahili kulipwa ardhi yake itakapohitajika. Anayestahili kulipwa anaweza kuishi na alama hiyo ukutani kwa miaka mingi, akishindwa kupanua nyumba wala kuiuza kwa bei yake. Kwa hiyo kupanga kwa muda mrefu kuna gharama kwa mwananchi hata pale ambapo hakuna kilichobomolewa, na mpango unaopuuza gharama hiyo hupoteza utii ambao ndio unaohifadhi ardhi.

Dar es Salaam inatoa mfano mkali zaidi. Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, ilikuwa na hifadhi pana isiyo ya kawaida, mita 121.5 kila upande, iliyotokana na sheria za tangu enzi za ukoloni. Kwenye karatasi hifadhi hiyo ilikuwapo muda wote. Ardhini haikuonekana, na watu walijenga nyumba, maduka na nyumba za ibada. Mwaka 2017 majengo hayo yalibomolewa kwa wingi ili kupisha upanuzi wa barabara. Serikali ilisimamia sheria yake, barabara ikapanuliwa, na familia nyingi zikapoteza walichojenga kwa miaka. Mfano huu hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba hifadhi pana ni jambo la busara. Mwandishi anausoma tofauti kidogo: hifadhi isiyo na mawe ya mipaka, isiyo na mti uliopandwa wala matumizi ya muda yaliyoruhusiwa, ni mtego kwa mnunuzi asiye na ramani.

5.0 Mwenye mpango na mwenye barabara

Mpango Kabambe wa Mwanza wa mwaka 2015 hadi 2035 uliandaliwa kwa pamoja kwa ajili ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, kwa msaada wa wataalamu wa Surbana kutoka Singapore. Kuandaliwa kwa pamoja kulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu mji ni mmoja. Swali ni nani anautekeleza.

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Lakini barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za wilaya zilihamishiwa TARURA mwaka 2017. Leseni na njia za daladala ni kazi ya LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Reli ni ya TRC, bandari ni za TPA, na uwanja wa ndege una mamlaka yake. Halmashauri yenye mpango haina barabara, na wakala wenye barabara hawana mpango wa matumizi ya ardhi. Kuundwa kwa TARURA kulikuwa na manufaa ya kihandisi yasiyopingika, na tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoanza mwaka 2021 iliipa chanzo cha fedha ambacho halmashauri hazikuwahi kuwa nacho. Hata hivyo, fedha hizo hupangwa kwa mwaka wa fedha mmoja mmoja, na hupimwa kwa kilomita zilizojengwa au kukarabatiwa. Kununua ukanda wa ardhi utakaotumika baada ya miaka 15 hakuongezi kilomita hata moja kwenye taarifa ya mwaka. Mhandisi mwaminifu na mwenye bidii, akitathminiwa hivyo, hataununua.

Mipaka ya utawala inaongeza ugumu. Barabara ya mchepuko kati ya Usagara na Kisesa, yenye urefu wa takribani kilomita 17, ndiyo inayomwezesha dereva wa lori litokalo Shinyanga kwenda Musoma kuepuka katikati ya Mwanza. Usagara iko Misungwi na Kisesa iko Magu. Yaani ncha zote mbili za mchepuko wa jiji ziko nje ya Ilemela na nje ya Nyamagana. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa magari ya Geita na Kagera, na magari hayo sasa yanafika Usagara bila kusubiri. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, inapita Fela, Misungwi, panapokusudiwa kuwa na bandari kavu. Uzito wa mji unasogea kusini-mashariki, kwenye wilaya ambazo Mpango Kabambe wa mamlaka mbili hauzigusi.

6.0 Barabara za kuvuka za Ilemela

Barabara ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu, yenye urefu wa kilomita 9.7, ilijengwa kwa lami kupitia mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kwa kanuni iliyoelezwa katika sehemu ya pili, hii ni barabara ya kuvuka halisi: inatoka kwenye kidole cha Uwanja wa Ndege na kuingia ndani, nyuma ya vilima, hadi Buswelu, ambako inapokewa na barabara ziendazo Nyakato. Anayekwenda kutoka Pasiansi kufuata huduma makao makuu ya manispaa hana tena ulazima wa kupita mjini. Barabara za Buswelu–Busenga–Cocacola na Buswelu–Nyamadoke–Kahama, zilizoingizwa katika mradi wa TACTIC, zinaendeleza wazo hilohilo kuelekea Barabara ya Nyerere.

Athari yake kwa ardhi ilikuwa ya haraka, na hapa ndipo somo la mipango lilipo. Lami ilipofika Kiseke na Buswelu, viwanja vya pande zote vilipata bei mpya na wajenzi wapya. Barabara haikufuata makazi, iliyaita. Kila barabara ya kuvuka inayojengwa, kwa hiyo, huharakisha kumezwa kwa hifadhi ya barabara inayofuata, ile iliyo nje zaidi, ambayo bado ni mstari kwenye ramani. Mpango makini ungeweka mawe ya mipaka ya barabara ya pili siku ileile lami ya barabara ya kwanza inapoanza kumwagwa. Baada ya hapo bei haishuki.

Jambo hili halina upya duniani. New York ilichora mitaa ya kisiwa cha Manhattan mwaka 1811, wakati sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa mashamba na vilima vya mawe. Curitiba nchini Brazili, ambayo mara nyingi husifiwa kwa mabasi yake yaliyoanza kupita katika njia maalumu mwaka 1974, ilianza na mpango wa ardhi wa mwaka 1966 ulioonesha mihimili ambayo mji ungekua juu yake. Wanaoisifu kwa mabasi husahau miaka minane iliyotangulia. Nairobi ilifikiria barabara zake za mchepuko tangu miaka ya 1970, lakini ujenzi ulikuja baada ya zaidi ya miongo mitatu, huku ardhi iliyotengwa ikiwa imevamiwa hapa na pale. Dar es Salaam ilianza huduma ya mabasi yaendayo haraka Mei 2016, kwenye Barabara ya Morogoro, mahali ambapo upana wa barabara uliruhusu. Mwanza ikija kuhitaji huduma kama hiyo, na kwa watu milioni 2 itaihitaji, swali la kwanza litakuwa ni barabara ipi yenye nafasi. Kwa sasa, kati ya Kirumba na katikati ya mji, ambako kilima kiko upande mmoja na ziwa liko upande wa pili, jibu si la kutia moyo.

Stendi ya Nyamhongolo, kando ya Barabara ya Musoma, inaonesha upande wa pili wa jambo hili. Kuhamisha mabasi ya mikoani kutoka Buzuruga kwenda pembezoni kulipunguza magari makubwa ndani ya mji. Wakati huohuo, abiria anayefika Nyamhongolo usiku na anayeishi Igombe amepewa safari ya pili, ya bajaji au bodaboda, ambayo zamani ilikuwa fupi zaidi. Stendi hiyo na ile ya Nyegezi ziko kwenye vidole tofauti. Thamani yake kamili itapatikana pale barabara za kuvuka zitakapoziunganisha na makazi, na daladala zitakapopewa njia zinazofuata barabara hizo. Kujenga barabara ya kuvuka bila LATRA kupanga njia ya daladala juu yake ni kumhudumia mwenye gari peke yake.

7.0 Ziwa kama njia ya nne

Kwa Ilemela, kidole cha nne kipo tayari na hakihitaji lami. Kutoka mwalo wa Kirumba hadi Igombe na Kayenze, ziwa linafuata ukanda uleule unaofuatwa na barabara ya kaskazini, na mitumbwi ya injini imebeba watu, dagaa na mazao kwa miongo mingi. Mipango ya jiji imelitazama ziwa zaidi kama mandhari na kama njia ya masafa marefu kwenda Bukoba na Ukerewe. Usafiri wa boti ndani ya mji haujapewa nafasi inayostahili.

Kusita huko kuna sababu nzito. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika ajali zote mbili kujaza abiria kupita kiasi kulihusishwa. Hakuna mpango wa usafiri wa majini unaoweza kuandikwa Mwanza bila kuanza na ukaguzi, maboya na hesabu ya abiria gatini. Aidha, kupanda kwa maji ya ziwa mwaka 2020 na tena mwaka 2024 kulionesha kwamba gati lililojengwa kwa kimo kimoja cha maji huweza kufunikwa.

Lakini hata hapa suala linarudi kwenye ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukanda huo hulinda maji, na ukisimamiwa vizuri unaweza pia kulinda njia ya umma ya kufika majini. Palipo na ukuta wa hoteli au wa nyumba ya mtu binafsi hadi ukingoni, gati la baadaye limekwisha kufungwa. Kati ya Igombe na Kayenze bado yapo maeneo ambako mtu anaweza kutembea kutoka barabarani hadi majini bila kukutana na geti. Yanahitaji kupimwa, kuwekewa mawe na kuandikwa kwa jina la umma katika mapitio yajayo ya Mpango Kabambe, pamoja na barabara inayoyafikia na nafasi ya daladala kugeuzia.